Fatiha ya Belém

Juzi kijana wangu wa mwisho alikuwa mezani na kazi ya shule, akainua kichwa: "Mama, huyu Vasco da Gama kazikwa wapi?" Kabla sijajibu, baba yake akadakia kutoka kwenye kochi: "Muulize mamako vizuri. Yeye ndiye aliyekwenda kumsomea Fatiha."

Basi ngoja niieleze mwenyewe, maana kila akiisimulia yeye huitia chumvi.

Ulikuwa ule mwaka niliokwenda mkutanoni Recife, Brazil. Ndege ya kurudi ilipitia Lisbon, nikapata mchana wa kuzurura kabla ya kuunganisha. Wenzangu wa mkutanoni walikuwa wameniandikia orodha: tramu namba 28, ngome ya São Jorge, vichochoro vya Alfama, jua likizama juu ya Mto Tejo. Nikaikunja nikaitia mkobani. Mtoto wa Mombasa akifika Lisbon ataanzia wapi, kama si kwa aliyetufungulia mlango wa balaa? Nikapanda tramu namba 15 hadi Belém.

Jengo la Jerónimos, monasteri ya zamani, ni jeupe, likipigwa na jua linaumiza macho. Mfalme Manuel I alianza kulijenga 1501, na fedha nyingi zilitoka kwenye kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, iliyopita njia ileile aliyoipita huyu bwana. Foleni ya tiketi za kuingia uani ilikuwa haina mwisho. Kanisani siku zile uliingia bure, nikaingia.

Nilidhani nitalitafuta. Kumbe kaburi liko papo hapo ukiingia, kushoto: mtu wa mawe kalala chali, viganja kavikutanisha kifuani, na simba wa mawe wamembeba. Ubavuni pamechongwa merikebu. Upande wa pili kalala Camões, mshairi aliyemtungia utenzi mrefu uliochapishwa 1572. Katika utenzi huo watu wa Mombasa ni wenye hila na watu wa Malindi ni wakarimu. Mume wangu ni mtu wa Malindi. Hebu fikirieni nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu. Nilitaka nimkumbushe ile meli ya mahujaji aliyoichoma baharini 1502, wakitoka Makka, wanawake na watoto wakiwa ndani. Lakini mwili una mazoea yake. Ukilelewa na bibi wa kukupitisha makaburini kila Ijumaa, ukisimama mbele ya kaburi mikono inapanda yenyewe. Yangu ilishafika kifuani, viganja juu, ndipo nikaiona. Nikaganda. Niishushe? Niendelee? Na nikiendelea, namwombea nani? Masheikh wana maneno yao kuhusu hilo, na yote nayajua.

Mlinzi wa kanisa, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, aliniona. Mtandio, mikono, macho chini. Akaja polepole, akatandaza mikono kama anayeswaga kuku, akawarudisha nyuma watalii waliokuwa wakipiga picha. Kisha akanigeukia, akainamisha kichwa: endelea, mama, usiwe na haraka. Watu wazima kama ishirini, na kamera zao, wakasimama kimya wakiningoja nimwombee Vasco da Gama.

Nikasoma. Ningefanyaje? Alhamdu yote, kimoyomoyo. Kilichonishinda ni nia. Nilianza nikiwakusudia wale wa melini. Katikati likanijia jambo nililosoma kwenye ubao: kwamba bwana huyu alifia Cochin, India, 1524, akazikwa hukohuko, mifupa ikarudishwa kwao miaka kadhaa baadaye, na hapa Belém ikaletwa 1880 tu. Wamemzungusha hata alipokwisha kufa. Huruma ikanipitia kidogo, nikaichukia, na kabla sijaamua nilishafika waladhaalin. Nikajipangusa uso.

Mzee akaniuliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza, natoka wapi.

"Mombasa."

"Mombaça!" Uso ukamchanua. Akamwonyesha yule wa mawe kwa kidole, kisha akanionyesha mimi, akicheka kwa furaha ya kutukutanisha. Kireno sina, na hata ningekuwa nacho sijui ningeanzia wapi. Nikamshika mkono nikamshukuru.

Mengine niliyakimbiza. Vile vikeki vyao vya kastadi vinavyonyunyizwa mdalasini nilivisogelea, nikauliza kama kuna mafuta ya nguruwe, yule binti akaniambia mapishi ni siri. Nikanywa kahawa. Mbele ya mnara wa mabaharia pale mtoni kuna ramani ya dunia ya marumaru iliyotandazwa chini. Nikasimama juu ya pwani yetu, nikampa mpita njia simu anipige picha, ikatoka viatu vyangu na kipande cha Bahari ya Hindi. Ngome ya São Jorge niliiona kutoka dirishani mwa teksi.

Niliporudi nilimhadithia shangazi yangu wa Kibokoni, nikitaraji atanipa fatwa ya ile nia, maana kwa mambo hayo ni hodari. Meli hakuiuliza, na Vasco hakumshughulisha hata kidogo. Alitaka kujua kwanza kama nilikuwa na udhu, na pili kama wale watalii waliitikia Amin.