Kununua mvinyo mpya kwako kwenye duka dogo ukiwa safarini

Ukiingia duka dogo la mvinyo katika mji usioujua, rafu zisikuvute kwanza. Mtafute anayeuza. Duka lisilo tawi la kampuni kubwa hununua makasha machache, mara nyingi kwa wazalishaji wadogo, na huyo aliye kaunta huenda ndiye aliyeonja akaamua kipi kiingie na kipi kiachwe. Ulimi wake ndio bidhaa ya kwanza ya duka hilo, na kuutumia ni bure.

Ukimwambia "nipe mvinyo mzuri" umemwacha gizani. Mpe mambo matatu: mvinyo mmoja unaoupenda na kile hasa unachokipenda ndani yake, kiasi utakachotoa kwa chupa, na siku utakayoifungua. Kwa mfano: "Napenda Sauvignon Blanc kwa ule uchachu wake, sitaki ladha ya pipa, nafungua leo usiku." Kwa maneno hayo tu anaweza kukupa mvinyo mweupe mwingine: Grüner Veltliner ya Austria, Verdejo ya Rueda, Uhispania, au Assyrtiko ya Santorini, Ugiriki. Mpenzi wa Pinot Noir, mvinyo mwekundu mwepesi, ataonyeshwa Mencía ya Bierzo, Uhispania, au Nerello Mascalese inayokua kwenye miteremko ya volkano ya Etna, Sicilia. Bei itaje bila haya. Usipoitaja, muuzaji atakisia, na wewe utalipa gharama ya kukisia kwake. Kisha muulize swali ninaloliamini kuliko yote: "Wewe mwenyewe umebeba chupa gani kwenda nazo nyumbani hivi karibuni?" Ukiuliza "upi bora?" utapewa jina kubwa. Ukiuliza anachokunywa yeye, utapewa alichokipenda.

Wakikuonjesha, uliza chupa ilifunguliwa lini. Mvinyo uliokaa wazi siku tatu nne bila kifaa cha kuulinda na hewa huwa umechoka, harufu yake imefifia, nawe utauhukumu kwa kosa lisilo lake. Mililita 30 zinatosha kuonja, na kutema ni adabu ya kawaida kabisa.

Sasa chupa yenyewe. Inyanyue, uipeleke penye mwanga. Mvinyo hudhurika kwa mwanga, hasa ulio kwenye kioo kisicho na rangi, kwa hiyo chupa iliyopambwa dirishani iache. Omba nyingine kutoka stoo. Pitisha kidole gumba juu ya kifuniko cha bati. Kizibo kinatakiwa kiwe sawa na mdomo wa chupa au kimezama kidogo. Kikiwa kimejitokeza, au ukihisi unata shingoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba mvinyo ulipata joto: ulitanuka, ukakisukuma kizibo, na ulipopoa ukavuta hewa ndani. Angalia pia mvinyo umefika wapi shingoni. Chupa changa iliyopungua kuliko wenzake wa kasha moja ina hadithi isiyopendeza. Zilizozibwa kwa nta huwezi kuzipapasa, hivyo kwa hizo kimo cha mvinyo ndicho kipimo chako.

Hewa ya duka nayo inasema. Mvinyo wa kutunzwa miaka mingi hutaka nyuzi 12 hadi 14 hivi. Mvinyo mchanga unaouzwa haraka huvumilia chumba cha kawaida, lakini chupa ya zamani na ya bei iliyosimama chini ya taa kali usiilipie. Kuna pia vile vikaratasi vya alama za waonjaji vinavyoning'inia rafuni. Soma mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye kikaratasi, kisha soma wa kwenye chupa. Mara nyingine haufanani, na sifa za mwaka mmoja hazihamii mwaka mwingine.

Mwaka una mtego mwingine. Kusini mwa ikweta zabibu huvunwa takriban Februari hadi Aprili, kaskazini Agosti hadi Oktoba. Chupa mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana umri wa nusu mwaka, na kwa mvinyo mweupe mwepesi au wa rangi ya waridi (rosé) hilo lina uzito.

Geuza chupa usome mgongo. "Mis en bouteille au domaine" kwa Kifaransa na "Gutsabfüllung" kwa Kijerumani humaanisha aliyelima ndiye aliyejaza chupa. Kwenye Champagne, ule mvinyo wa mapovu, tafuta herufi RM zilizoandikwa kwa udogo: mkulima ametengeneza kwa zabibu zake, NM ni nyumba inayoweza kununua zabibu kwa wengine. Jina la mwagizaji lipige picha. Ukiupenda mvinyo wake mmoja, jina hilo litakufaa katika mji unaofuata.

Kuhusu kubeba, chupa ya mililita 750 iliyojaa huwa na kilo 1.2 hadi 1.6, kwa hiyo sita tayari ni zaidi ya kilo 7. Zinaenda kwenye begi la kukabidhi, kwani kikomo cha kawaida cha kimiminika mkononi ni mililita 100. Kila moja itie mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uivishe nguo nzito, uilaze katikati ya begi mbali na kingo na magurudumu. Chupa mbili zisigusane. Forodha hutofautiana mno: anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje huruhusiwa lita 4 za mvinyo usio na mapovu bila ushuru, Uingereza ni lita 18, Marekani kwa kawaida lita 1.

Kinachoharibu mvinyo safarini zaidi ni buti la gari juani. Saa chache humo zinatosha kukisukuma kizibo ulichokikagua kwa gumba dukani. Nunua mwisho wa mizunguko ya siku, na ukifika, chupa yenye mashapo isimamishe siku mbili tatu ili yatue chini kabla ya kuifungua.