Mtu wa ya kawaida

Sekunde 17. Ndiyo urefu wa ujumbe wa sauti alionitumia mdogo wangu Kitinda Jumanne usiku, na leo ni Jumapili, hesabu ya mara nilizousikiliza imeshanipotea. Anaanza kwa kukohoa. Halafu: "Dada, hiyo ya kawaida uliyosema nimeiacha hukohuko dukani. Nimekuchukulia Pro. Wewe kila siku ni mtu wa ya kawaida tu, hebu na wewe onja." Anacheka, kuna mtu anamwita kwa Kiarabu, basi.

Ni hiyo "tu".

Mnakumbuka mwezi wa Ramadhani niliwasimulia jinsi PS4 yangu, ile mashine ya kuchezea gemu, ilivyozima dakika ya 88, naongoza bao moja, baada ya daku. Haikuwaka tena. Fundi wa Ngamiani aliifungua, akaifunga, akanirudishia pamoja na skrubu moja ya ziada ambayo mpaka leo ipo kwenye kikombe cha vifungo. Nikaanza kuweka akiba ya PS5, mashine iliyoifuata. Kitinda aliposikia akasema nisihangaike, atanunua yeye hukohuko Muscat, Oman, anakofanya kazi, kila wiki kuna mtu anakuja na mizigo.

Basi nikasoma. Wiki mbili nzima, duka la dawa likiwa halina wateja, nikachagua mashine kama ninavyochagua dawa: kwanza nauliza mgonjwa ana nini. Mgonjwa ana televisheni ya inchi 32 isiyo na zile picha kali za 4K. Ana CD 11 za PS4, karibu zote za mtumba. Ana bando linaloisha kabla ya mwezi. Na ana watoto wawili wanaotaka kuwekewa kitu na kukiona kinaanza, si kesho, sasa hivi.

Dawa ya mgonjwa huyo ni moja, ile PS5 nyembamba wanayoiita Slim, yenye sehemu ya CD. Ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2023 ilikuwa dola 499.99, na mwenzake asiye na sehemu ya CD dola 449.99. Dola 50 tu za tofauti, lakini kwa mtu wa Tanga hizo dola 50 ndizo zinazonunua uhuru wa kuazima CD kwa jirani, kubadilishana, kuuza ukiichoka. Tena PS5 yenye mdomo inasoma CD za PS4, kwa hiyo zangu zote 11 zingeendelea na maisha. Pro, ile PS5 ya hali ya juu, ilikuja Novemba 2024 kwa dola 699.99. Ina nafasi ya kuhifadhia gemu ya 2TB, Slim ina 1TB. Picha zake ni kali zaidi, kwa mwenye televisheni ya kuzionyesha. Na haina sehemu ya CD. Rudieni kusoma hapo. Ile ya ghali kuliko zote ndiyo imezaliwa bila mdomo. Ukiutaka unanunua kipande chake peke yake, kwa dola 80 hivi, unakichomeka ubavuni, kisha unaiunganisha mashine na intaneti mara ya kwanza ili wajuane.

Boksi lilifika Ijumaa. Wiki hiyohiyo duka lilikaguliwa tukapita, binamu akaolewa Pangani, na mume wangu, Baba Wawili, akapata barua ya kuhamia Handeni kuanzia mwezi ujao, lakini mie nilikuwa nimekaa kwenye mkeka naitazama mashine nyeupe yenye mistari myeusi kiunoni, CD zangu 11 zimepangwa pembeni kama wageni walioambiwa karamu imehamia nyumba nyingine. Red Dead Redemption 2 yenyewe ina CD mbili, moja ya kupakia na moja ya kuchezea. Niliinunua kwa kijana aliyekuwa anakwenda chuo Morogoro. Gemu hilo ni la GB mia hivi. Nikitaka kulishusha mtandaoni nililipie upya, kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa nchi nyingine maana Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation, halafu nilitafutie bando.

"Wewe kila siku ni mtu wa ya kawaida tu."

Kazi yangu nzima, jamani, ni kumshawishi mtu kwamba paracetamol ya kwenye kopo ni ileile ya kwenye boksi linalong'aa. Miaka 14 nimesimama nyuma ya kaunta nikiitetea ya kawaida. Gauni la harusi yangu lilikuwa la kukodi. Simu yangu mnaijua. Na hiyo ya kawaida ndiyo iliyolipa ada ya Kitinda kidato cha tano na cha sita, ndiyo iliyolipa pasipoti yake. Hayo yote niliyatunga vizuri kichwani, nikapanga lipi litangulie, nikabonyeza kitufe cha kurekodi mara tatu na mara tatu nikafuta.

Jana alipiga mwenyewe. "Umeona picha zake?"

"Mashallah, zinang'aa," nikasema. Nilikuwa sijaona picha yoyote isipokuwa mstari wa kushusha eFootball, ile gemu ya mpira ya bure. Usiku wa kuamkia jana nilikaa nao mpaka saa nane, ukiwa asilimia 31. Mkubwa alilala palepale mkekani na padi mkononi.

Baba Wawili anasema tuiuze, mteja wa Pro Dar hakosekani, tununue Slim yenye CD na chenji ibaki ya kuhamia Handeni. Kwa hesabu hana kosa. Nikamwambia zawadi haiuzwi. Akaniuliza kama ni zawadi, mbona tangu Jumanne naisikiliza kama hukumu?

Nikanyanyuka na simu nikaenda uani. Nilitaka kuisikiliza mara ya mwisho, kwa hasira safi. Kidole kikateleza juu kidogo, kikagusa ujumbe wangu mwenyewe wa Jumatatu, ule aliokuwa anaujibu. Sekunde 52. Sijapata kuusikiliza. Nani anayejisikiliza?

"Kitinda, nisikilize vizuri. Slim. Ile ya kawaida. Yenye sehemu ya CD, umenielewa? Isiyo na CD usichukue. Pro ndiyo usiiguse kabisa, hizo za watu wa kuringa. Usije ukaniletea ya kwako. Haya, rudia nilivyosema."

Rudia nilivyosema! Mtu ana miaka 31, anasimamia ghala zima Muscat, ana wanaume wazima chini yake.

Ndivyo mama alivyokuwa akimtuma dukani, tena mlangoni, sarafu zimefumbatwa kiganjani. Rudia nilivyosema. Na Kitinda alikuwa anarudia, neno kwa neno, bila kosa, kisha anakwenda analeta anachotaka. Siku moja alitumwa kipande cha sabuni ya kufulia, akarudi na sabuni ndogo ya kuogea ndani ya karatasi ya waridi, na deni dukani. "Ile nyingine inanuka, mama." Mama alitafuta fimbo, akaanza kucheka kabla hajaipata. Wiki nzima sare zetu za shule zilinukia kama bibi harusi. Mwalimu wa zamu alininusa begani akaniuliza kama nimeposwa.

Nilicheka uani peke yangu mpaka Baba Wawili akachungulia dirishani. Kisha nikausikiliza wa Kitinda tena. Ile "tu" ipo, haijaondoka. Ila kabla ya "onja" anasita kidogo, kama mtoto aliyeficha kitu mgongoni, na kile kikohozi cha mwanzo ndicho alichokuwa akikohoa mlangoni na karatasi ya waridi mkononi.

Sijamwambia kwamba haina sehemu ya CD. Nikimwambia atanunua hicho kipande usiku uleule na kukituma, na kitakuja cha rangi ya dhahabu kama kipo. Nimeagiza mwenyewe kwa mtu wa Dar, kwa ile akiba. CD nimezirudisha kabatini, ila Red Dead nimeiacha juu ya meza. Na ujumbe wake nimeujibu leo mchana, kwa maandishi, sauti niliogopa: "Nimeonja. Asante, mdogo wangu." Ameweka vicheko vitatu.

Sasa ni saa nne za usiku, mstari umefika asilimia 74, na kusi limeanza kuvuma kwa nguvu. Mnazi wa jirani, ule niliowaambia mwaka jana, nahisi umeinama zaidi upande wa choo chetu. Baba Wawili anasema naota. Lakini mwezi uliopita ukiwa chooni ulikuwa huyaoni makuti yake kwenye kile kidirisha. Leo nimeyaona, na dafu moja pia.