"Unalipwa kulala": usiku mmoja na Bibi, Njombe

Saa 12 jioni naingia kazini. Watu wakisikia nalala kwa bibi wa watu, wanacheka: umepata kazi ya kulipwa kulala! Karibuni Njombe mwezi wa saba, na baridi yake, mje mlale.

Saa 1 uji, dawa ya presha, sala. Saa 2 beseni la kuloweka miguu. Maji ya uvuguvugu, nayapima kwa kiwiko kwanza, maana nyayo za Bibi zimepungua hisia; yakimuunguza hatajua. Zamani nilidhani namtia joto mwili mzima. Nesi mmoja akanielewesha kwamba ni kinyume: damu ikishuka nyayoni, joto la ndani linapata pa kutokea, mwili unapoa kidogo, ndipo usingizi unakuja. Amsterdam, mwaka 2008, watafiti waliwavika wazee nguo yenye mirija ya maji wakaongeza joto la ngozi kwa nyuzi 0.4 tu, na hata waliozoea kukesha wakalala usingizi mzito zaidi. Nyuzi 0.4! Mimi nina soksi za sufu na chupa ya maji moto niliyoifunga kwenye khanga.

Saa 5 vita vikaanza.

"We mtoto, niletee jiko humu ndani."

"Bibi, hewa ya mkaa inaua, na wala huioni."

"Nimelala na jiko tangu kwa mama yangu."

"Ile ilikuwa nyumba ya nyasi, inapumua. Hii ina dari na vioo."

Kimya. Nikajua nimeshinda. Dakika kumi: "Jiko liko wapi?" Nikamwongezea blanketi. Akalitupa, joto. Nikamfunua, akasema namuua kwa baridi. Funika, funua, msalani, funika. Miguu nikaishika kwa viganja vyangu. Kidole gumba kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikasugua mpaka mikono ikaniuma. Sijui ilikuwa saa ngapi alipoanza kukoroma. Mimi kwenye mkeka nikawa nahesabu mikoromo, ikikatika nashtuka.

Kuelekea alfajiri akaamka tena, kama kawaida yake.

Kukapambazuka. Mwanaye akapiga simu kutoka Dar. "Mama, umelalaje?"

"Sikupata hata lepe, mwanangu. Huyu binti ndiye amekoroma."

Nikanyamaza. Maji ya chupa yalikuwa bado vuguvugu, nikafulia soksi zake.