Kabla hamjaleta mashine ufukweni, ulizieni maji kwanza

Kwa sisi wa upande wa Likoni manowari si kitu cha ajabu, kambi ya wanamaji iko hapo Mtongwe na meli za jeshi zapita Kilindini watu wako kwenye feri wala hakuna anayegeuza shingo. Mimi ndio nageuza. Habari za jeshi la majini nazifuatilia miaka mingi, haswa ile sehemu watu hawaiangalii sana: vipi watoa askari na magari na mizigo kwenye meli kubwa iliyotia nanga huko nje mpaka uwafikishe nchi kavu, mahali hakuna bandari wala gati, na pengine kuna mtu juu ya ufuo anakungoja na bunduki. Watu wakisikia teknolojia ya kijeshi wafikiria makombora. Mimi nafikiria zile mita 500 za mwisho.

Manake hapo ndipo mambo huharibika. Hebu nenda Shelly Beach ama Nyali siku za bamvua, mwezi mchanga ama mpevu, maji yakipwa, mwamba wote uko nje, watu watembea mpaka mbali kabisa na vijiti vyao wakichokora pweza kwenye mashimo, halafu baada ya masaa sita papo hapo pamejaa maji boti yapita juu. Bahari yetu hapa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, lakini maji mafu, siku za mwezi nusu, ni kama mita 1 tu, hayajai sawasawa wala hayapwi sawasawa, na ile boti iliyopita juu ya mwamba wiki jana bila wasiwasi leo yakwaruza tumbo. Hii mtoto yeyote wa mvuvi aijua.

Sasa kuna kisiwa kinaitwa Betio, kwenye matumbawe ya Tarawa huko Pasifiki. Novemba 20, 1943 Wamarekani walikwenda kukichukua kutoka kwa Wajapani. Boti zao za kushushia askari, zile za Higgins, zilihitaji maji ya futi 3 na zaidi kidogo ndio zielee, na wapangaji wakahesabu kwamba juu ya mwamba yatatosha. Alikuweko Meja mmoja wa New Zealand, Frank Holland, aliyeishi visiwa vile miaka na kuyajua maji yake, akawaonya hayatatosha. Wakaendelea. Boti zikafika kwenye mwamba zikakwama, askari wakaruka na mizigo mgongoni wakaanza kutembea ndani ya maji mamia ya mita kuelekea bunduki za rashasha. Vita vya siku tatu tu, Wamarekani karibu 1,000 wakafa, na upande wa Wajapani na vibarua wa Kikorea waliokuwa nao ni elfu nne na kitu.

Nilimhadithia haya mzee mmoja hapa Mtongwe ambaye ni mvuvi tangu ujana wake. Hata sijamaliza akanikata, "Mwanangu, mwezi ulikuwa ngapi siku hiyo?" Nikamwambia wa ishirini na mbili hivi, mwezi umebaki nusu. Akasema basi hayo maji mafu, watu wazima wataendaje na boti nzito maji mafu. Swali moja tu aliuliza!

Kilichowaokoa waliookoka ni mashine nyingine kabisa. Kulikuwa na magari ya minyororo yanayoelea, LVT, ambayo yakifika kwenye mwamba hupanda tu na kuendelea, kwa hiyo mawimbi ya kwanza ya askari yalifika ufukweni, ila magari hayakutosha watu wote. Na asili ya gari lile naipenda sana, Donald Roebling alilitengeneza miaka ya 1930 huko Florida kwa ajili ya kuokoa watu kwenye vinamasi wakati wa vimbunga, si kwa vita. Wanajeshi waliliona kwenye gazeti la Life mwaka 1937 wakalifuata.

Baada ya Tarawa Wamarekani waliunda vikosi vya waogeleaji wa kwenda kupima kina na kulipua vizuizi kabla jeshi halijashuka. Waingereza nao, usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1944, waliogelea watu wawili mpaka ufuo wa Normandy huko Ufaransa, ambako walipanga kushusha jeshi, wakachimba mchanga wakaurudisha nyumbani, kuona kama utabeba vifaru. Fikiria mtu anatambaa gizani chini ya pua ya askari wa Kijerumani kwa ajili ya mchanga. Hiyo kwangu ni teknolojia vilevile, hata kama chombo chenyewe ni mrija wa kuchimbia tu.

Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na droni. Wimbi likifika maji machache hupunguza mwendo, kwa hiyo ukilipiga video kutoka juu ukapima linavyokwenda waweza kupiga hesabu ya kina bila kutia mguu majini. Watafiti Marekani wana hesabu yake iitwayo cBathy, ilichapishwa 2013, na hata wakati wa Normandy walikuwa wanajaribu kitu kama hicho kwa picha za ndege. Naona hii ni muhimu kuliko mashine nyingi za mabilioni.

Na mabilioni yameliwa kweli. Marini wa Marekani, wale askari wao wa kushuka ufukweni, walitaka gari moja linaloitwa EFV, likimbie baharini karibu kilomita 46 kwa saa halafu lipande nchi kavu lipigane. Kwenye majaribio ya 2006 lilikuwa likiharibika kila baada ya masaa manne na nusu hivi, na Januari 2011 waziri wa ulinzi Robert Gates akalisimamisha, zimeshatumika kama dola bilioni 3. Watu walimlaumu, mimi naona alifanya sawa. Mashine ikikataa kwenye majaribio hiyo ni hasara ya pesa, ikikataa na watu ndani ni jambo lingine. Julai 2020 moja ya yale magari ya zamani ambayo EFV ilikusudiwa kuyabadilisha lilizama karibu na kisiwa cha San Clemente, California, wakafa vijana tisa, na ilikuwa mazoezi tu, Mungu awape subira wazazi wao.

Mfano mzuri wa kujaribu ni UHAC, iliyofadhiliwa na Ofisi ya Utafiti ya Wanamaji wa Marekani. Ni chombo kikubwa chenye minyororo ya mapande mepesi ya povu gumu, mapande yale ndiyo yanayoelea na ndiyo yanayopiga maji kama kasia, na kikifika kwenye mwamba ama tope chapanda vilevile. 2014 Hawaii walileta cha nusu ya ukubwa, wakakitoa kwenye meli mpaka ufukweni mbele ya watu. Hawakujenga kizima kwanza. Hakijaingia kazini, lakini waliona kinachowezekana na kisichowezekana kwa gharama ndogo.

Kwa sasa kazi kubwa ya Wamarekani hufanywa na hovakrafti aina ya LCAC, vyombo vinavyokwenda juu ya mto wa hewa, zabeba kama tani 60 na hukimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa zikipita juu ya maji, tope na mchanga. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 zilipeleka misaada Meulaboh, Indonesia, ambako barabara zilikuwa zimekatika. Ndio maana nasema mambo haya si ya vita tu. Mto Tana ukifurika twaona wenyewe watu wanavyokwama na lori haziwezi kupita.

Kenya nayo si mgeni wa haya. Septemba 28, 2012 wanajeshi wetu walishuka kutoka baharini Kismayu, Somalia, usiku. Na 2021 mazoezi ya wanamaji yaitwayo Cutlass Express yalifanyiwa hapa hapa Mombasa pamoja na nchi nyingine.

Ninachotaka ni kwamba safari nyingine wageni wakija na droni na vyombo vyao, waalikwe pia wazee wa vikundi vya wavuvi, kuanzia Mtongwe mpaka Lamu, wakati ramani inapangwa na si siku ya picha. Droni ipime kina, mzee aseme mlango wa mwamba uko wapi na wakati wa upepo wa kusi ni upande gani hapapitiki, vipimo viwili vilinganishwe. Na majaribio yafanywe maji mafu, tena usiku, upepo ukivuma, wasingoje siku bahari imetulia kwa sababu ya wageni wa heshima waliokaa kwenye tenti.