Lemnos wageni wakishaondoka

Bili ya umeme imeingia juzi hapa Lemnos, kisiwa cha Ugiriki tunachoishi mimi na mume wangu. Euro 214, miezi miwili, chumba kimoja na sebule. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ndani yake kuna umeme wenyewe, kuna ada ya manispaa, na kuna ada ya televisheni ya taifa, nami televisheni sina. Mliozoea kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU mtanielewa. Badilisheni hiyo hela kwa shilingi wenyewe, halafu mlinganishe na kodi ya chumba pale Chumbageni, Tanga.

Na si kwamba tunaishi kwenye joto. Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya wageni wa kiangazi: ukuta mwembamba, dirisha halikazi, sakafu ya marumaru inayopandisha baridi mpaka magotini. Tuna hita moja ya umeme, tunaihamisha kama mtoto mchanga, ikilala chumbani sebule inaganda. Nyuma ya kabati kumeota koga nyeusi. Kila Jumamosi naisugua, kila Ijumaa imerudi. Kuni nazo ni ghali, maana kisiwa chenyewe hakina misitu ya maana, nyingi zinakuja kwa meli.

Kinachoniuma zaidi ni mkataba. Tumepangishwa Oktoba mpaka Mei. Mei ikiingia tunafungasha, mwenye nyumba anawapangisha watalii kwa usiku mmoja mmoja, na sisi tunahamia chumba cha wafanyakazi hotelini, mimi na wanawake wenzangu, mume wangu na wanaume wenzake. Mke na mume, miezi mitano, tunaonana uani. Msidhani ni kwa sababu ya rangi yetu. Hata walimu na madaktari wa Kigiriki wanaopangiwa kazi visiwani wanahangaika vivyo hivyo nyumba zikishageuzwa za wageni.

Wadogo zangu mnaoniandikia kuuliza kazi za Ugiriki, someni hapa taratibu. Picha mnazoziona ni za Julai. Msimu wa hoteli unaanza Mei unaishia Oktoba. Kabla hujauza kiwanja, muulize anayekuletea mkataba: Novemba mpaka Aprili nitakula nini na nitalala wapi? Hakikisha umeandikwa miezi mingapi, saa ngapi kwa siku, na chumba analipa nani. Na ujifunze Kigiriki. Kiingereza kitakupa kazi ya kiangazi, lakini wakati wa baridi muuza mkate, karani wa vibali na jirani yako wote wanazungumza lugha yao.

Sisi tumebaki hapa Myrina, mji mkuu wa kisiwa, huu mwaka wa tatu. Mume wangu ana siku nne kwa wiki kwa mfugaji mmoja wa kondoo anayetengeneza jibini, ile ya duara yenye alama za kikapu wanayoiita kalathaki. Anarudi jioni ananuka maziwa. Mimi nina mikono tu ya kufua na kusafisha nyumba za wazee, saa mbili hapa, saa tatu pale. Mchana mji unafungwa, watu wanalala. Barabara ya Romeikos Gialos, ile ya ufukweni ambayo Agosti huwezi kupita bila kugongwa bega, sasa nakutana na paka tu. Pana majumba makubwa pale ya zamani yenye roshani za chuma. Yalijengwa na watu wa hapahapa waliokwenda kutafuta Misri, wakarudi na hela. Kila nikipita nayatazama vizuri. Kumbe na wao walikuwa na ndugu wanaosubiri Western Union ya wakati huo.

Jioni kukiwa kweupe tunakaa ukutani, tunatazama jua likizama ng'ambo ya bahari, na paa wanashuka kwenye mawe ya ngome ya zamani iliyo juu ya mji kutafuta majani. Hatusemi kitu. Mimi ni mtoto wa Tanga, nilidhani bahari ni bahari. Hii haikupwi! Asubuhi maji yako pale, jioni yako palepale. Hakuna bamvua, hakuna wanawake na vijiti vyao kwenye miamba wakitafuta pweza. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasubiri maji yatoke, mpaka mume wangu akaniambia basi, hayatoki.

Upepo ndio unaotawala. Ukifika nguvu ya nane au tisa kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort, meli zinazuiwa bandarini, wanaita apagoreftiko, na neno hilo mtajifunza kabla ya neno mapenzi. Siku ya pili ya zuio nyanya zinaisha dukani, ya tatu rafu za mboga ziko wazi. Tunakula kilicho cha kisiwa: jibini, mkate, dengu, tambi zao za nyumbani.

Sasa niwaambie la pweza. Mwaka huu wa 2026 Ramadhani imeingia katikati ya Februari, na Kwaresima yao ikafuata siku chache tu baadaye, Jumatatu ya tarehe 23. Siku hiyo kila nyumba inakula mkate bapa wa ufuta, zeituni, na vya baharini visivyo na damu, maana nyama, mayai na maziwa wameshaviaga mpaka Pasaka. Saa saba mchana mlango ukagongwa. Ni yiayia wa nyumba ya mbele, bibi wa miaka themanini na kitu, kashika sahani kwa mikono miwili. Pweza, amekatwa vipande, anang'aa mafuta. Siku aliponiuliza mara ya kwanza kwetu ni wapi, nikasema Tanga, alisema palepale: "Tanga, mkonge!" Shemeji yake alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za Tanganyika.

Nikamweleza kwa Kigiriki changu cha kuungaunga kwamba na sisi tumefunga, hatuli mpaka jua lizame. "Hata maji, binti yangu?" Hata maji. Akapiga ishara ya msalaba, akafunika sahani na aproni yake, akaondoka nayo. Mimi nikabaki mlangoni nadhani nimemuudhi.

Saa kumi na mbili na robo, nimeshika tende, mlango tena. Yiayia na sahani ileile, safari hii imepashwa moto, inatoa moshi. Alikuwa amekaa dirishani kwake anaangalia jua. Nikamuuliza, kwa aibu, kama kuna mvinyo ndani. Akatoa kwenye mfuko wa aproni chupa ya siki aliyotumia, akanisogezea puani ninuse mwenyewe. Kumbe alishajua nitauliza.

Nimelia, nawaambia ukweli. Kwa miezi mitano ya kiangazi nimetandika vitanda vya watu mia na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwetu wapi. Na huyu kakaa dirishani kuningojea magharibi.

Sahani hairudi tupu, hilo tumelelewa nalo. Nimempikia pweza wa nazi, nikamweleza nazi ni tunda, haina maziwa ya mnyama, funga yake haivunjiki. Alikula kidogo, akachovya mkate, akamaliza mchuzi. Siku ya pili nikamwona anamweleza muuza samaki, mkono unazunguka hewani kama anakuna nazi.

Bili nimeomba kuilipa kwa awamu tatu, wamekubali. Leo yiayia kaleta tini kavu kwenye bakuli langu. Meli imetangazwa kuingia alfajiri baada ya zuio la siku mbili, nimeshamwagiza mume wangu awahi dukani: vitunguu, ndimu kama zipo, na makopo mawili ya tui.