Mwavuli mmoja, Kihakka cha aina tatu

Kijana mmoja wa maabara yetu, mzaliwa wa Taipei, kaniudhi juzi. Kasikia najifunza Kihakka, lugha mojawapo ya jamii ya Kichina, akacheka: eti lugha ya wazee wa mashamba, tena wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Nilinyamaza kwa kuwa funguo za mashine anazo yeye. Hapa nitasema.

Nimepanga Hsinchu, Taiwan, ghorofa ya juu. Mama mwenye nyumba ni mtu wa Miaoli, mumewe wa Zhudong, huku huku Hsinchu, mkamwana wao kaolewa kutoka Dongshi. Wahakka wote, na umbali wenyewe mtu wa Dar haiti safari.

Mvua ikianza, mama ananipigia kelele nichukue mwavuli: za-e. Hiyo -e ndiyo ya udogo, kama ki- ya kitoto. Mzee anasema zha-er. Mkamwana yeye ni zha basi, haongezi kitu mwishoni. Anapandisha sauti tu, na udogo umeshaingia humo. Wala hapandishi kila neno, ni yale tu ambayo kwao toni yake ya asili, yaani mwendo wa sauti, ni tambarare. Kigoda, ambacho mama anakiita den-e, kwake ni den vilevile.

Na udogo wenyewe umechakaa. Jibwa la jirani linalonibwekea kila asubuhi nalo ni gieu-e! Ukitaka kijibwa kweli, unatanguliza se, yaani -dogo.

Sasa hao ndio hawaelewani? Wa Mombasa anasema kitoto, wa Kiambu katoto, na soko linaendelea.

Mnaotaka kuja, msijidanganye: darasani na benki ni Kimandarini. Ila ukipata mwalimu wa bure kama mimi, shika lahaja moja kwanza, maana toni za Miaoli na za Hsinchu zimepinduana. Huo mwavuli, mama anaanza kwa kupanda, mzee kwa kushuka. Mimi nililipia kozi ya Kimandarini hela ambayo nyumbani ingelipa kodi ya miezi, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniitia chakula.

Mwishoni mwa 2017 sheria ilirekebishwa, Kihakka kikawa mojawapo ya lugha za taifa, na kwenye treni wanatangaza vituo kwa lugha hiyo. Vizuri. Lakini mle ndani bibi anamfokea mjukuu kwa -e, babu kwa -er, mama yake kwa kupandisha sauti, na mtoto anaomba simu kwa Kimandarini.