Nilivyomtotoa chatu mweupe wa macho ya bluu, na wazazi wake wote wawili ni wa kahawia

Kila nikiwatumia ndugu picha ya huyu mnyama maswali ni yale yale, umempaka nini, ni albino, ni wa wapi, anauma, mara unamuuza bei gani. Sasa naeleza yote kwa mpigo nipumzike.

Mimi naishi Sheffield, Uingereza, na huku kufuga chatu wadogo ni jambo la kawaida kabisa kama mtu wa Tanga kufuga njiwa. Ninaofuga mimi ni Python regius, wale wanaojiviringisha wakawa duara kichwa kikiwa katikati wakiogopa. Kwao hasa ni Afrika Magharibi, Ghana, Togo na Benin, ila porini wanafika mpaka upande wa kaskazini magharibi mwa Uganda. Hana sumu, akikua ni mita moja na kitu hivi, mnene, mpole, mvivu. Na mlioko nyumbani msiende kuokota chatu porini mkaleta sebuleni, wanyamapori wana sheria zao na bila kibali utaenda kujieleza mahali pabaya.

Haya tuje kwenye weupe. Watu wengi wanadhani ili upate mweupe lazima ununue weupe wawili. Sio hivyo. Kuna mofu, yaani aina za rangi na mabaka, zinaitwa Lesser, Butter, Mojave, Russo, Mystic, Phantom, na nyingine kadhaa, na hizi zote ni matoleo tofauti ya jeni ile ile moja. Kila nyoka ana nafasi mbili za hiyo jeni, moja kapewa na mama moja na baba. Nafasi moja ikiwa na toleo lililobadilika na ya pili ikiwa ya kawaida, unapata nyoka wa kahawia aliyepauka kidogo, mabaka yake yako tofauti na ya wenzake, ni mzuri ila bado ana rangi. Nafasi zote mbili zikishikwa na matoleo yaliyobadilika, hapo hakuna ile ya kawaida ya kuokoa rangi na mara nyingi nyoka anatoka mweupe mwili mzima, macho bluu. Wala sio kazi ya maabara, mabadiliko yenyewe yalianzia kwa nyoka wa porini hukohuko Afrika Magharibi, wafugaji wamewakutanisha tu.

Ila sio kila jozi inatoa weupe wa maana na hapa ndipo nilipokaa nikafikiria kabla sijatoa hela. Ukiweka Mojave kwa Mojave, yule mwenye nafasi mbili anatoka mweupe lakini kichwa kina kijivu kijivu kama kapakwa majivu. Ukiweka Lesser kwa Lesser unapata weupe safi, tatizo wapo wanaotoka na macho makubwa yaliyochomoza, na mimi sikutaka kumzalisha mnyama nikijua anaweza kuja na hitilafu hiyo. Mystic kwa Mojave ndio hata mweupe hupati, unapata rangi ya zambarau iliyofifia, wapo wanaoipenda, mimi siyo. Nikaamua Lesser kwa Mojave, weupe unakuwa safi na yale ya macho kuchomoza unayaepuka. Nikachukua jike la Mojave na dume la Lesser, wote wa kahawia tu ukiwaona, na bei yao haikuniumiza.

Jike unamsubiri afike walau gramu 1,500, usiwe na haraka, kutaga kunamkausha sana. Dume hata gramu 700 zinatosha. Nilikuwa nawaweka pamoja siku chache miezi ya baridi halafu namtoa dume akale apumzike, narudia. Ukikuta mikia imesokotana waache, usiwashe taa. Baadaye jike akagoma kula, siku moja nikamkuta kavimba katikati kama kameza chupa, hiyo ndio mayai yanashuka, halafu akajivua gamba, na kuanzia hapo unahesabu kama wiki nne anataga.

Akataga mayai sita, makubwa kuliko ya kuku, ganda laini kama ngozi na yamegandana, yeye kayazungushia mwili wote. Kuyatoa pale kunahitaji ustaarabu maana mpole siku hiyo sio mpole. Kila yai nikalitia alama ya penseli juu, kwa sababu yai la nyoka haligeuzwi kama la kuku, likigeuka mtoto anaweza kufa ndani. Nikayaweka kwenye boksi lenye vamikulaiti, yale madini mepesi yanayoshika maji, yenye unyevu, inkubeta nyuzi 31 mpaka 32. Usiku ukizima taa ukalimulika yai kwa tochi ya simu unaona mishipa myekundu imetambaa ndani ya ganda kama ramani ya mito, lisilo na mishipa halina mtu. Moja halikuwa na kitu, likawa njano likaoza.

Sasa hesabu, maana hapa wengi wanajidanganya. Lesser kwa Mojave, kila yai lina robo ya kuwa mweupe, robo Lesser, robo Mojave, robo wa kawaida kabisa. Robo ni ya kila yai peke yake, sio kwamba ukiwa na mayai manne umeahidiwa mweupe mmoja, yai halijui jirani yake katoka nani. Hata ukiwa na mayai sita mazima bado kuna kama asilimia 18 ya kutoka mikono mitupu. Kwa hiyo mimi miezi miwili ile nilikuwa najiambia kabisa kwamba inaweza isitoke.

Wakaanza kuchana ganda, wana kajino kadogo puani kwa kazi hiyo, wanachana halafu wanatoa pua tu wanakaa hivyo siku nzima wanapumua. Pua ya kwanza kahawia, ya pili kahawia, ya tatu ikatoka nyeupe yenye uwaridi kama ufizi wa mtoto mchanga. Sikulala.

Mama nilimwonyesha kwa video, akatazama weee, akasema, "Mwanangu, hicho kitu kina wenyewe." Nikamwambia, "Mama, mwenyewe ni mimi, na risiti za wazazi wake ninazo." Hakucheka.

Na sio albino. Albino chembe za rangi anazo ila hawezi kutengeneza rangi nyeusi, ndio maana anabaki na njano na macho mekundu. Huyu ngozi yake haina rangi yoyote, ila nyuma ya jicho rangi ipo kwa sababu chembe za pale zina chanzo kingine. Mwaka 2023 watafiti wa Eastern Michigan University walitoa utafiti, walichukua magamba waliyojivua nyoka wa wafugaji wakapima DNA, wakaikuta shida kwenye jeni inayoitwa EDNRB1, ambayo inahusika na chembe za rangi wakati mtoto anajengeka ndani ya yai.

Jambo la kuangalia ukinunua mweupe wa mtu: weupe unaficha kila kitu. Anaweza kuwa amebeba jeni nyingine tano au hana hata moja, kwa macho hutajua. Akikwambia huyu kabeba hiki na hiki muombe rekodi za wazazi, au gamba lipelekwe kupimwa, vinginevyo mlipe bei ya mweupe tu.

Wangu ni dume. Akikua nikimpa jike la kawaida sitapata mweupe hata mmoja, watoto wote watabeba toleo moja tu lililobadilika, wa kahawia. Nikimpa Mojave, kila yai lina nusu ya kuwa mweupe. Kwa hiyo namtafutia Mojave asiye ndugu yake, na kwa sasa yuko gramu mia tatu tu, msimu huu hapewi mke.